Acheni Kulia Magofuni

Nina ugomvi na shairi. Lilisomwa kwenye kikao chetu cha waandishi chipukizi hapa Isaka, na mtunzi wake ni mshikaji wangu. Jina lake silitaji, maana bado tunaazimana vitabu. Lilikuwa shairi la Kilwa Kisiwani. Mawe yalilia, popo waliruka, bahari ikahema, kisha ubeti wa mwisho ukauliza: wageni waliojenga haya wamekwenda wapi? Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga. Usiku, nikiwa kitandani, ndipo nikagundua kuwa nimeupigia uongo makofi.

Hebu tuulizane, jamani. Nani kakwambia ni wageni?

Nimewahi kufika Kilwa. Basi hadi Dar, basi lingine hadi Kilwa Masoko, halafu mashua. Nilikwenda na kichwa kilichojaa mashairi, lakini kilichonifumbua macho ni mambo niliyoyajua kwa mjomba wangu, fundi wa hapa kwetu, ambaye tangu utoto nimemsaidia kupanga matanuri ya matofali. Fundi haulizi jengo linalia au linacheka. Anauliza: limejengwa kwa nini, na vipi?

Basi nikauliza. Kuta ni za mawe ya matumbawe. Yale magumu yamepangwa ukutani. Yale laini yalitolewa baharini yakachongwa kabla hayajakauka, yakawa miimo ya milango na mapambo ya kibla. Chokaa ilitoka humo humo: matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa. Ni tanuri, bwana! Sisi tunachoma udongo, wao walichoma bahari.

Vyumba vya nyumba zao ni virefu lakini vyembamba. Kwa nini? Kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kukufurahisha wewe. Mjomba naye, kabla hajachora msingi, huuliza: "Mbao zako futi ngapi?" Ukimjibu 12, chumba chako kimeshajulikana. Kumbe mkoko ulikuwa msanifu wa Kilwa. Na mkoko haukuja na jahazi kutoka ng'ambo.

Sasa tuingie Msikiti Mkuu. Upande wa kaskazini ndio wa kale, wa karne ya 11 au 12, uliokuwa na paa la bapa juu ya nguzo. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman akauongezea upande wa kusini, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Ukabomoka. Karne ya 15 ukajengwa upya, kwa nguzo za pembe nane zinazobeba matao na kuba. Jengo moja, vizazi kadhaa: huyu anajenga, yule anaongeza, mwingine anainua kilichoanguka. Niambie, ni mgeni gani anayekarabati kwa miaka 300? Mgeni hula, hulala, huaga. Anayekarabati ni mwenyeji.

Najua mtanijibu: mbona wanahistoria wanataja Washirazi? Sikatai. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba kutoka makaburi ya kale ya pwani, Kilwa ikiwemo. Ulionyesha damu iliyochanganyika: upande wa akina mama hasa ni wa Afrika, upande wa akina baba wengi ni wa Uajemi. Basi! Mtu aliyekuja, akaoa, akazaa, akazikwa hapo, na wajukuu zake wakaongea lugha ya bibi yao, huyo utamwitaje mgeni? Huyo ni shemeji.

Na hawakwenda popote. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka mji na kuupora. Mji ukadhoofika, karne ya 18 ukainuka tena, na hadi leo kisiwani pana kijiji. Watoto wanakimbizana kando ya hizo kuta. Mshairi wetu aliwaona popo, watu hakuwaona.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi. Kila tunapokutana hapa, kuna mmoja lazima aseme: "Isaka hakuna cha kuandika, ni mahali pa kupita." Treni inapita, makontena ya bandari kavu yanapita, malori ya Rwanda na Burundi yanapita. Kwa hiyo kalamu zetu zinakimbilia pwani kuomba utukufu wa kuazima.

Lakini Kilwa yenyewe ilikuwa nini? Haikuwa na mgodi hata mmoja. Dhahabu ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka Sofala, ikapita Kilwa. Ikapita! Ila katika kupita kwake, kitu kilibaki. Kilibaki msikiti. Yalibaki pia makosa: Husuni Kubwa, jumba la Sultani huyo huyo, vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, ambalo halikukamilika. Siipambi Kilwa. Ilikuwa na watwana na mabwana. Lakini iliacha kitu cha kubishania.

Na sisi? Dhahabu si ya kusimuliwa kwetu. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009, na huo wa Buzwagi ukaacha kuzalisha 2021. Mtoto wa miaka 600 ijayo akipita hapa, atakuta nini zaidi ya shimo? Hilo ndilo swali la shairi, si "wageni wamekwenda wapi".

Kujenga si kazi ya mwandishi, mtasema. Kweli. Kazi yake ni kutazama kabla ya kulia. Kaa na fundi, ujue tofali linaiva siku ngapi. Msikilize mama lishe wa stesheni, aliyewalisha madereva wa nchi tatu. Waliojenga Kilwa walianza na kilichokuwa chini ya miguu yao.

Wewe mshikaji, nakusubiri kikao kijacho. Lete shairi lenye vumbi la Isaka. Nami nitapiga makofi, safari hii mchana kweupe.