Udongo wa Kilembe Upimwe Kabla ya Mgodi Kufunguliwa

Mwaka 2025 Serikali ya Uganda ilitia saini mkataba na ubia wa kampuni za Sarrai Group na Nile Fibreboard ili kuufufua mgodi wa shaba wa Kilembe, ulio katika bonde la mto Nyamwamba, juu kidogo ya mji wa Kasese. Tangu hapo mjadala umetawaliwa na hisa, mapato na ajira, na udongo ambao juu yake kazi hiyo itafanyika umepewa nafasi ndogo mno. Kuufufua mgodi si kosa. Kosa litakuwa kuruhusu magreda yaingie bondeni kabla udongo huo haujapimwa kwa ukamilifu na matokeo kuwekwa wazi mbele ya wakazi.

Kilembe ilichimbwa tangu 1956 hadi 1982, na uchimbaji huo uliacha bondeni zaidi ya tani milioni 15 za mabaki ya uchenjuaji, yaani mchanga laini unaobaki baada ya mwamba kusagwa na shaba kuondolewa. Ndani ya mabaki hayo mna piraiti, madini ya chuma na salfa ambayo yakikutana na hewa na maji huzalisha tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha shaba, kobalti, nikeli na aseniki zilizosalia, kisha mvua huzibeba hadi mashambani na mtoni. Athari hizi si ngeni. Mwaka 1974 mtafiti Eric Edroma alichapisha uchunguzi wake kuhusu uchafuzi wa shaba katika hifadhi ambayo leo ni Queen Elizabeth, ambako maji ya mvua yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye lundo la piraiti yenye kobalti lililorundikwa Kasese na kuua majani kila yalipopita. Lundo hilo lilianza kuchenjuliwa kwa msaada wa bakteria mwaka 1999 tu, na Ziwa George, linalopokea maji ya Nyamwamba, lilikuwa limekwisha kuorodheshwa tangu 1988 chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukiongozwa na Abraham Mwesigye ulionyesha kwamba asilimia 51 ya sampuli za udongo wa mashamba ya eneo hilo zilikuwa zimechafuliwa, na kwamba kobalti ilizidi kiwango kilichotumika kama kipimo katika robo ya vyanzo vya maji ya nyumbani. Katika asilimia 47 ya sampuli za mchicha, mboga ambayo wenyeji huiita dodo na ambayo haikosekani jikoni, risasi ilizidi kiwango kinachokubalika kimataifa.

Wanaotaka kazi ianze mara moja wana hoja zao. Husema kwamba vijana wa Kasese wanahitaji ajira, jambo ambalo ni kweli. Kwamba sheria tayari inadai tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Na kwamba utafiti huohuo wa 2016, ulipokadiria hatari ya vyakula na maji kwa afya, haukubaini madhara. Lakini utafiti huo ulikuwa wa majaribio.

Hoja inayoamua suala hili ni ya uwajibikaji, na hapo ndipo uzito wote ulipo. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya Uganda ya mwaka 2019 inasimamia kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa, lakini kanuni hiyo haina meno mahali ambapo hakuna anayeweza kuthibitisha nani alichafua nini na lini. Kilembe ina mzigo wa zamani ulioachwa na wachimbaji waliokwisha kuondoka. Mwaka 2013 ilikabidhiwa kampuni ya Tibet-Hima, ambayo mkataba wake ulivunjwa mwaka 2017. Na katikati ya hayo mafuriko ya Nyamwamba, hasa ya Mei 2013 na Mei 2020, yaliyasomba mabaki na kuyasambaza upya, yakaharibu hata hospitali ya Kilembe. Mwekezaji mpya atakapoanza kuchimbua, kusafirisha na kusaga, madini ya zamani na mapya yatachanganyika katika udongo mmoja, na hakuna maabara itakayoweza kuyatenganisha kwa kuyatazama tu. Kinachoweza kuyatenganisha ni kipimo cha awali, yaani rekodi ya hali ya udongo siku ambayo kazi ilikuwa bado haijaanza, ambayo kila kipimo cha baadaye kitalinganishwa nayo.

Bila rekodi hiyo, mkulima ambaye miaka kumi ijayo ataona migomba yake inanyauka atajibiwa na kampuni kwamba uchafu ni wa enzi za 1956, ataambiwa na serikali kwamba ni mafuriko, na kesi yake itaishia mlangoni mwa mahakama. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya na mahakama mwaka 2020, na bado walilazimika kupigania uamuzi huo hadi Mahakama ya Juu ya Kenya mwishoni mwa 2024. Hao walikuwa na kiwanda kimoja kinachojulikana na vipimo vya damu na udongo mkononi. Mkazi wa Kilembe, mwenye mgodi uliopita mikononi mwa wengi, atasimama na nini?

Inafaa pia kusema wazi kipimo chenyewe kinapaswa kuwaje, maana neno "tathmini" limezoeleka kuwa kurasa nyingi za maelezo zenye sampuli chache. Udongo uchukuliwe kwenye mashamba, viwanja vya shule, nyua za nyumba na kingo za mto kutoka Kilembe hadi mpakani mwa hifadhi, kwa kina zaidi ya kimoja, kwa sababu tabaka la juu la sentimita 20 ndilo linalolisha mizizi ya mboga na ndilo linaloshikwa na mikono ya watoto, ilhali la chini huonyesha kilichozama na kile ambacho mwamba wenyewe ulikuwa nacho. Kila sampuli ikaushwe, ichekechwe, iyeyushwe kwa asidi na kupimwa katika maabara, pamoja na kiwango cha uchachu wake, kwa kuwa udongo wenye uchachu mkali huachilia metali kwa urahisi zaidi kwenda kwenye mmea. Vifaa vya mkononi vinavyosoma metali papo hapo kwa mionzi vinafaa kuchagua maeneo ya kuchunguzwa zaidi, si kutoa hukumu. Lazima pia pawepo udongo wa kulinganishia, uliotoka miteremko ya Rwenzori isiyofikiwa na mabaki ya mgodi: vilima vya kuelekea Bwera vinaweza kutumika, mradi wataalamu wachague mahali penye mwamba unaofanana. Zaidi ya hayo, soko la Mpondwe, pale Bwera, hupokea mazao na kuyavusha hadi Kongo, kwa hiyo wanaostahili kujua mchicha na ndizi za wilaya zimeota wapi si wakazi wa bondeni peke yao.

Hoja ya kwamba upimaji utachelewesha mradi haistahili tena kusikilizwa kwa upole. Mgodi umelala zaidi ya miaka 40, umetangazwa, umekabidhiwa na kunyang'anywa, na katika miaka yote hiyo haikuonekana haraka yoyote ya kuyazuia mabaki yasiingie mtoni. Haraka hiyo haiwezi kuzaliwa ghafla leo, siku ambayo mkulima anaomba udongo wake upimwe. Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), Wizara ya Nishati na Maendeleo ya Madini, na baraza la wilaya ya Kasese wana mamlaka ya kudai kipimo hicho sasa. Wakidai, matokeo yabandikwe katika ofisi za kata kwa Kikonzo na kwa Kiswahili, na nakala ikabidhiwe kwa wenye mashamba kabla ya tani ya kwanza ya mwamba kutolewa.