Kukata majani kwenye telefone: tusicheke haraka

Mwezi wa saba uliopita, magaribi, baba mmoja jirani yetu hapa Bukavu alipandisha sauti mpaka watu wa parsele nzima wakatoka nje. Mtoto wake wa miaka 17 alikuwa ameinamia telefone tangu saa tisa. Jikoni, dende wapata 30 walikuwa wanalia njaa. Baba akamuuliza: "Wewe, unafanya nini hapo?" Kijana akajibu bila kuinua kichwa: "Papa, ninakata majani."

Tulicheka mpaka machozi. Na mimi nilicheka. Lakini kijana hakuwa amesema uongo. Alikuwa anacheza Farming Simulator, ule mchezo wa kulima ambao kampuni ya Uswisi, GIANTS Software, inautoa tangu mwaka 2008, kwanza kwa kompyuta na baadaye kwa telefone pia. Alikuwa ameketi ndani ya trakteri ya kijani, nyuma yake mashine ya kukata, na majani yalikuwa yanalala mstari kwa mstari. Wakati huo dende wa kweli walikuwa hawajapata hata fungu moja.

Kesho yake nilimwita anionyeshe. Tulikaa magaribi mbili. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: watu wa Ulaya wanaona nini katika majani mpaka wayatie ndani ya mchezo, na mpaka mtoto wa Bukavu asahau chakula kwa ajili yake? Nimetoka hapo na mawazo ambayo sikuyatazamia, na ninaomba wafugaji, wabwana shamba na wale wanaoitwa wakubwa wa ardhi wanivumilie kidogo.

Ndani ya mchezo huo, majani ni mazao, kama mahindi na ngano. Unachukua mashine ya kupanda, unachagua mbegu ya majani katika orodha, unapanda. Unatia mbolea. Unangoja yakue, na mchezo unakuonyesha yamefika hatua gani. Ukikata mapema unapata kidogo. Yakifika, unakata, na hauhitaji kupanda tena: yanaota yenyewe, unarudi kukata mara nyingine. Kwa toleo la kompyuta la mwaka 2021 waliongeza majira ya mwaka, kwa hiyo wakati wa baridi majani hayakui, na yule ambaye hakuweka akiba anabaki kununua chakula cha ng'ombe kwa bei ya duka.

Kisha inakuja sehemu ambayo kijana aliipenda kuliko zote. Majani yakishalala chini unachagua njia. Njia ya kwanza, unayachukua mabichi, unawapa ng'ombe leo. Njia ya pili, unapitisha mashine ya kugeuza na kutawanya, yanakuwa majani makavu, halafu unayakusanya kwa mistari na kuyafunga marobota. Njia ya tatu, unayajaza ndani ya shimo la saruji, unapita juu yake na trakteri mara nyingi mpaka hewa yote itoke, unafunika, unangoja yachache. Hiyo ndiyo silaje. Ao unafunga robota bichi kwa plastiki, nalo linachacha humo. Ng'ombe wakila majani mabichi peke yake, maziwa ni kidogo. Wakila makavu, yanaongezeka. Wakila mchanganyiko wa makavu, silaje na mabua ya ngano, ndipo wanatoa yote wanayoweza.

Mimi nilikulia kwa watu wenye ng'ombe. Kwa miaka yangu yote sikuwahi kusikia mzee akisema "mbegu ya majani". Tulisema mbegu ya maharagi, mbegu ya muhogo, mbegu ya viazi. Majani? Majani ni ya Mungu. Yanaota, ng'ombe anakula, yakiisha unahama. Hata leo, ukiuliza mfugaji wa Kabare ao Walungu ana shamba gani, atakuhesabia migomba, maharagi, kahawa kidogo. Hatahesabu majani, hata kama ng'ombe wake wawili ndio wanalipa masomo ya watoto.

Wazo hilo lilikuwa sawa wakati milima ilikuwa mitupu. Leo milima imejaa watu. Kipande cha kuchungia kimekuwa shamba la mtu, bonde limekuwa la muhogo, na pembezoni mwa barabara ndipo mtoto anatembeza mbuzi wake kwa kamba. Mvua ikikatika katika mwezi wa sita, mpaka irudi mwezi wa tisa, kila mtu anatafuta majani mahali pamoja. Mama anatoka saa kumi na moja asubuhi na panga, anarudi saa nne na mzigo kichwani, nusu yake ni magugu ambayo ng'ombe atayaacha. Ng'ombe anapewa shina la mgomba lililokatwakatwa, ambalo ni maji zaidi kuliko chakula. Maziwa yanakauka. Na kama shule inakaribia kufunguliwa, mnunuzi anajua: anakuja mwezi wa nane, anaangalia mbavu za ng'ombe, anataja bei yake, nawe unakubali.

Kuna watakaoniambia: unafanya majani kuwa jambo kubwa. Ninawauliza, ni nini kinachopeleka ng'ombe kutoka nyanda za juu hadi Ngandja, huko Fizi, kila kiangazi? Ni majani. Ni nini kinacholeta ugomvi wa ng'ombe kuingia katika shamba la mwenzako, ugomvi ambao umeshaua watu na ambao wenye bunduki wameugeuza kuwa wa makabila? Mara nyingi unaanza kwa majani. Na huko Fizi, kwa desturi, mfugaji anayepitisha ng'ombe wake analipa kitu kwa wenye udongo, wanakiita itulo. Basi nani anasema kwetu majani hayana bei? Bei ilikuwapo tangu zamani. Ila tumeilipa kwa kuhama na kwa kugombana, wala hatujawahi kuilipa kwa kupanda.

Hapo mchezo wa kijana unasema kweli kuliko wengi wetu. Lakini mchezo huo huo unadanganya, na uongo wake mkubwa uko kwenye mwanzo kabisa, mahali ambapo mchezaji hapatazami.

Kabla ya kupanda majani, kijana alifungua ramani. Mashamba yote yana namba. Akagusa shamba moja, bei ikatokea, akabonyeza "nunua". Sekunde moja. Tangu hapo udongo ni wake. Hakuna ndugu wa marehemu aliyekuja na karatasi nyingine. Hakuna mjumbe wa mwami aliyekuja kudai mbuzi. Hakuna mtu wa kupima ardhi aliyesema namba hiyo ilishapewa mtu wa Kinshasa. Nilimwambia arudie ile hatua ili niione vizuri, akashangaa: "Hiyo si kitu, tonton, tuendelee."

Hapana, mwanangu. Hiyo ndiyo kila kitu.

Kwetu, sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya Leta peke yake. Mwanainchi anapewa haki ya kuutumia, kwa makaratasi. Kando ya sheria hiyo iko desturi, ambayo vijijini ndiyo inayojulikana kweli: mwami na wakubwa wa chini yake ndio wanaogawa. Na kando ya hizo mbili iko kodi ya shamba kwa msimu, ambayo ndiyo maisha ya wengi: unalipa mwenye udongo, unalima maharagi, unavuna, unaondoka. Maharagi yanakubali mkataba wa namna hiyo, kwa maana ndani ya miezi mitatu yamekwisha. Majani hayakubali. Ukipanda setaria ao tripsakumu, mwaka wa kwanza ni kazi na kungoja. Faida inakuja mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, unapokata na kurudi kukata. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwa bado kwenye shamba lile hawezi kupanda kitu cha miaka mitano. Si ujinga. Ni hesabu.

Ninamjua mama mmoja, upande wa Walungu, aliyethubutu. Alikodi kipande kwenye mteremko, akachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na juu ya kingo zake akapanda setaria, kama wataalamu wanavyoshauri: mizizi inashika udongo, majani yanakwenda kwa ng'ombe. Mwaka wa kwanza alikata mara moja. Mwaka wa pili yalipokuwa mazito, mwenye shamba akamwambia: "Maharagi ni yako, lakini majani yameota kwenye udongo wangu, ni yangu." Wakaenda kwa mkubwa wa kijiji. Mkubwa akasema majani hayahesabiwi kuwa mazao. Mama akarudisha shamba. Mitaro imeshajaa udongo leo.

Neno lile la "hayahesabiwi" ndilo ninalolipigia kelele. Sheria ya kilimo ya mwaka 2011 ipo, mikutano kuhusu amani ya wafugaji na wakulima haikosekani, na kila mkutano unatoa karatasi ya njia za kupitisha ng'ombe. Njia ni nzuri. Lakini ng'ombe hali njia. Ninaomba kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: katika mikataba ya kukodi shamba, ile inayoandikwa mbele ya mkubwa wa kijiji na mashahidi wawili, majani yaliyopandwa yaandikwe kwa jina kama mazao ya yule aliyeyapanda, na mkataba wa majani usiwe chini ya miaka mitano. Hiyo haihitaji bunge. Wami wanaweza kuisema kesho asubuhi, na watu watasikia.

Uongo wa pili wa mchezo ni jua. Kijana anapitisha mashine juu ya majani mabichi, na palepale yanakuwa makavu. Kwetu, wakati majani ni mengi na laini, yaani mwezi wa nne na wa tano, mvua inanyesha karibu kila siku, ukiyatandaza yanaoza. Jua linakuja mwezi wa sita, wakati yamekwisha kuwa magumu kama kamba. Ndiyo sababu, kwa milima yetu, silaje inafaa kuliko majani makavu, nayo haitaki trakteri. Wafugaji wadogo katika inchi za jirani wanaifanya ndani ya mfuko mzito wa plastiki: unakata majani, unayaacha yanyauke kidogo, unayakatakata kwa panga vipande vifupi, unanyunyiza maji ya molase kama unayo, unajaza na kukanyaga kwa miguu mpaka hewa itoke, unafunga kwa nguvu, unaweka mbali na panya. Baada ya wiki tatu ao nne iko tayari, na ukiifunga vizuri inakungojea mpaka mwezi wa nane. Na anayetaka majani makavu ya mwanzo wa kiangazi, sanduku la mbao lisilo na chini, kamba mbili na uzito wa mtu vinatoa robota zuri. Fundi wa mbao yeyote wa Kadutu anaweza kulitengeneza kwa siku moja.

Uongo wa tatu, nitaupitia haraka kwa maana kila mtu anaujua: kwenye mchezo hakuna mwizi wa usiku wala kizuizi cha barabarani. Wala hakuna mtu wa kuambiwa na wenye bunduki kwamba leo mlimani haiendeki. Wasichana wanaotoka asubuhi kutafuta majani mbali wanaelewa ninachosema. Majani yaliyo karibu na nyumba, yaliyopandwa kwenye kingo zetu wenyewe, si jambo la maziwa tu kwa mama hao.

Kwa hiyo sikubaliani na wazazi wanaosema mchezo huu ni upotevu wa betri. Kijana yule, ambaye hajawahi kufundishwa kilimo, aliniambia bila kusita kwa nini hewa inatakiwa kutoka ndani ya silaje na kwa nini majani hayakatwi mapema. Nimekutana na watu wenye diplome wasiojua hayo. Lakini sikubaliani pia na wale wanaotuma picha za trakteri hizo kwenye WhatsApp na kuandika "hivi ndivyo Congo itakavyokuwa". Trakteri kwenye mteremko wa Kabare itaanguka. Kinachofaa kuchukuliwa katika mchezo ule ni ile orodha ya mbegu, ambamo majani yameandikwa mstari mmoja na ngano.

Dende walikula usiku ule, usijali. Baba alikwenda mwenyewe na tochi, akirudi alikuwa bado ananung'unika. Dende hawangoji silaje, wao wanataka majani mabichi kila siku, ndiyo maana kelele zao hazina subira. Juzi kijana alinifuata. Alitaka kujua mbegu ya tripsakumu inauzwa wapi. Nikamwambia kwa kawaida hainunuliwi kama mbegu: unaomba shina kwa mtu aliyenayo, unaligawa, unapanda vipande vyake mvua inapoanza. Amepata mashina sita kwa mama mmoja wa Bagira. Sasa anaomba baba yake ampe ukingo wa mtaro nyuma ya nyumba, mita nane hivi. Baba amesema atafikiri, kwa sababu ukingo ule jirani wa nyuma anasema ni wake.