Gari Lipi Hutegemeka? Hesabu za Ugenini na Barabara za Chamwino

Mafundi na madereva wanapokutana wilayani Chamwino, iwe Buigiri, Mvumi au Mlowa, haupiti muda mrefu kabla ya kuzuka ubishi juu ya gari lililo imara kuliko mengine. Mmoja hulisifu la aina fulani kwa kuwa babaye alilitumia miaka ishirini. Mwingine huilaumu aina hiyo hiyo kwa kuwa ilimwacha njiani usiku. Siku hizi ubishi huo umepata shahidi mpya, nao ni orodha zinazotolewa kila mwaka Ulaya na Marekani, ambazo huyapanga magari kuanzia yale yanayoharibika kwa nadra hadi yale yanayosumbua mara kwa mara. Mwenye kushika orodha hudhani kwamba amemaliza maneno. Kwa hakika hapo ndipo maneno yanapoanza.

Jambo hili si la mazungumzo ya kivulini tu. Wilaya ya Chamwino ni pana, na vijiji vyake vingi viko mbali na lami. Kituo cha afya chenye gari moja la wagonjwa hakina gari la akiba. Gari hilo likilala uani wiki tatu likisubiri kipuri, mama mjamzito anayepaswa kufikishwa Hospitali ya Mvumi atapakiwa kwenye pikipiki, au hatafikishwa kabisa. Kwa hiyo anayechagua gari kwa kuisoma orodha vibaya hapotezi fedha peke yake.

Katika uhandisi, kutegemeka kwa chombo ni uwezekano wa chombo hicho kufanya kazi iliyokusudiwa, kwa muda uliotajwa, katika mazingira yaliyotajwa, bila ya kuharibika. Maelezo hayo yana masharti matatu: kazi, muda na mazingira. Likiondolewa sharti moja, tarakimu inayobakia haina maana kamili. Inafaa basi kuangalia orodha zenyewe hupatikanaje.

Kampuni ya J.D. Power ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1968, huwauliza wenye magari ya miaka 3 matatizo waliyoyapata katika miezi 12 iliyopita, kisha huhesabu matatizo kwa kila magari 100. Katika taarifa yake ya mwaka 2025 wastani ulikuwa matatizo 202. Idadi hiyo yaweza kumshtua msomaji, lakini kundi lililoongoza kwa malalamiko lilikuwa vyombo vya burudani na mawasiliano, kama vile simu kukataa kuungana na gari. Katika hesabu ya namna hiyo redio iliyokaidi ni tatizo moja, na gia iliyovunjika ni tatizo moja. Jarida la Consumer Reports, la Marekani pia, huwauliza wanachama wake, lakini huyapa uzito mkubwa zaidi matatizo ya injini na gia.

Nchini Ujerumani chama cha wenye magari, ADAC, huhesabu magari ambayo mafundi wake wameitwa kuyakwamua barabarani. Huko zaidi ya asilimia 40 ya miito hiyo hutokana na betri. Mashirika ya ukaguzi ya TÜV, kwa upande wao, huandika asilimia ya magari yaliyokutwa na kasoro kubwa katika ukaguzi wa lazima, ambao hufanywa gari linapotimiza miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2. Porsche 911, gari la anasa na la mbio, limepata kushika nafasi ya kwanza katika taarifa za TÜV mara kadhaa. Hiyo si hoja ya kutosha kwamba limeundwa kwa chuma bora kuliko mengine yote, kwani wenye magari ya namna hiyo aghalabu huyaendesha kidogo na kuyatunza sana. Ukaguzi humpima mwenye gari pamoja na gari lake.

Basi, mizani hizo hazipimi kitu kimoja. Mbili hupima malalamiko, tena kila moja kwa uzito wake. Ya tatu hupima kukwama, na ya nne hupima kasoro zilizoonekana siku ya ukaguzi. Gari laweza kuwa la kwanza katika mizani moja na la kumi katika nyingine bila ya mtu yeyote kusema uongo. Kosa liko kwa msomaji anayeichukua nafasi ya gari katika orodha kana kwamba ni tabia ya gari lenyewe, kama uzito wake au rangi yake.

Aidha, yapo masharti ya muda na mazingira. Magari mengi yanayoonekana Dodoma yalianzia maisha yao Japani. Huko sheria hutaka gari jipya la abiria likaguliwe baada ya miaka 3, na baadaye kila baada ya miaka 2. Gharama za ukaguzi na matengenezo zinapoongezeka, wengi huyauza, nayo husafirishwa nje. Gari linapofika bandari ya Dar es Salaam, mara nyingi limekwisha kupita mbali umri unaoulizwa katika hesabu za Marekani. Orodha inayozungumzia gari la miaka 3 kwenye lami haizungumzii gari la miaka 12 lenye magunia ya mtama kati ya Handali na Mvumi, ambako kiangazi vumbi huziba chujio la hewa, na masika makorongo hujaa maji ghafula. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mkoa wa Dodoma unalo somo la kale katika jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, wilaya inayopakana na Chamwino. Matrekta yaliyokwisha kutumika yalinunuliwa katika akiba za jeshi la Marekani huko Ufilipino, na hata vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Kiangazi udongo wa Kongwa hukauka ukawa mgumu kama saruji, na mchanga wake ulizisaga zana za kulimia kama tupa. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza makumi ya mamilioni ya pauni. Mitambo haikuwa sababu peke yake, kwani mvua zilikuwa haba na mipango ilikuwa mibovu. Hata hivyo, chombo kilichosifiwa kwingine kilipimwa upya na ardhi ya Ugogo.

Afrika Mashariki nayo imewahi kuwa na orodha yake, yaani mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakamaliza 7 tu, la kwanza likiwa Peugeot 404. Ushindi wa namna hiyo ulijenga sifa za magari katika vinywa vya watu kwa miaka mingi. Lakini gari la mashindano huandaliwa na mafundi hodari, hushikwa na dereva bingwa, na kazi yake huisha katika siku chache. Linaonyesha kwamba inawezekana kufika. Halionyeshi litakalotokea mwaka wa kumi mikononi mwa dereva wa zahanati.

Hata ushahidi wa fundi wa karibu unahitaji kupimwa. Chukulia kwamba fundi anasema: kati ya magari 10 yaliyoletwa wiki hii, 7 ni ya aina moja. Msikilizaji huona aina hiyo ni mbovu. Lakini ikiwa katika kila magari 10 yanayotembea wilayani 8 ni ya aina hiyo, basi imeletwa gereji chini ya fungu lake. Fundi huyaona yaliyoharibika; yaliyo salama hayapiti kwake. Bila ya kujua idadi ya yote, hesabu ya wagonjwa haielezi afya.

Zaidi ya hayo, kwa Chamwino liko swali ambalo orodha za ugenini haziliulizi: gari likiharibika, hurudi barabarani baada ya siku ngapi? Chukulia magari mawili. La kwanza huharibika mara 4 kwa mwaka, na kila mara hutengenezwa kwa siku 2, kwa sababu vipuri vyake vipo Dodoma mjini na kila fundi anaijua injini yake. La pili huharibika mara 1 tu, lakini kipuri chake huagizwa nje na kuchukua siku 30. Kwa hesabu ya matatizo, la pili limeshinda. Kwa hesabu ya mgonjwa, la kwanza limekosekana siku 8 na la pili siku 30. Sehemu ya sifa wanayopewa watengenezaji wa magari yaliyozoeleka ni haki ya wauza vipuri na mafundi wa chini ya mti.

Dawa iko karibu. Kila gari la serikali lina daftari la safari, ambalo madereva huliita logi buku, na matengenezo ya magari hayo yako chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulioanzishwa mwaka 2005. Ziongezwe safu tatu: siku gari liliposimama, kifaa kilichoharibika, na siku liliporudi kazini. Kila mwisho wa mwaka itolewe hadharani hesabu ya siku za kulala kwa kila kilomita 10,000, kwa aina na kwa umri, na kando yake iandikwe idadi ya magari yaliyohesabiwa. Aina yenye magari matatu tu isipewe nafasi yoyote, kwa kuwa ajali moja ingeipindua hesabu yake yote.

Wapo watakaosema kwamba madereva wazembe wataziharibu takwimu, au kwamba wakubwa wa idara wataficha magari yaliyolala. Hofu hiyo ina msingi. Lakini uzembe huo upo leo pia, nao hauonekani kwa sababu haujaandikwa. Magari yakiwa mengi na miaka ikipita, tofauti za madereva hupungua nguvu, na tofauti za magari hujitokeza. Na ofisi ambayo magari yake hayalali kamwe katika vitabu itajulikana kwa hilo.

Ubishi wa chini ya miti hautakwisha, wala hakuna haja ukome. Lakini atakayeagiza gari la wagonjwa kwa ajili ya Chamwino anastahili kuwa na hesabu iliyoandikwa Chamwino.