Uzuri na Wema ni Ndugu



Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, mama mmoja wa hapa Baba Dogo alinijia na kikopo cha mkorogo alichokikuta chini ya mto wa bintiye. Binti ameambiwa na wenziwe kuwa weusi wake ni kasoro. "Sheikh, nimwambie nini?"

Swali la uzuri ni la kale. Huko Uyunani, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Plato aliandika kitabu kuhusu karamu moja. Humo Socrates asema alifunzwa na mwanamke, Diotima, kwamba uzuri una ngazi. Mtu huanza kwa kupenda umbo moja, kisha hutambua kuwa uzuri wa nafsi una thamani kuliko wa mwili, akapanda hadi kwenye matendo na elimu, mpaka afikie uzuri usiochakaa. Kiswahili nacho chalijua hilo: twasema uso mzuri na tabia nzuri kwa neno lile lile.

Wanazuoni wetu waliisoma hekima hiyo, wakaipima. Ibn Sina (980–1037) alifundisha kuwa kuwako kwenyewe ni kheri, na shari ni kukosekana kwa kile kilichostahili kuwapo. Basi weusi una upungufu gani? Ni sehemu ya uumbaji ambao Surat As-Sajda yatueleza kuwa Mola ameufanya vyema. Upungufu umo katika ulimi unaodharau. Na zebaki iliyomo katika baadhi ya mikorogo hudhuru ngozi na figo.

Kujipamba hakukukatazwa. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri, alijibu kuwa Allah ni mzuri na apenda uzuri, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mwana Kupona naye, katika utenzi wake wa mwaka 1858, alimhimiza bintiye kujipamba, lakini alitanguliza dini na adabu.

Nilimwambia mama asimkaripie mwanawe. Amsuke nywele, wazungumze. Kisha nikamuuliza: "Nyumbani kwenu, mtoto akizaliwa mweupe, husemwaje? Na akizaliwa mweusi?"

Akainamisha kichwa. Nami nikakumbuka kuwa nyumbani kwangu pia husemwa hivyo hivyo. Tuanze kuurekebisha ulimi wetu kabla ya kukitupa kikopo.

Wallahu aalam.