Casual si machinjioni, bana

Hebu niseme hili leo, kisha mnitukane kwa raha zenu.

Juzi binamu yangu wa Mtongwe aliingia Hearthstone mara ya kwanza. Ana miaka 14, simu ya kurithi, na bando alilonunua kwa pesa ya chai ya shule. Akajenga deki yake mwenyewe (deki ya kadi, si ile ya kupiga na ndoo), kadi 30, zote zile za bure. Akabonyeza Casual, manake alidhani Casual ni ya kustarehe. Raundi ya tano, uhai wake wote 30 umeisha. Mechi ya pili vilevile. Ya tatu ndio iliniudhi mimi: jamaa ana kadi ya kummaliza mkononi, hamalizi, anaacha kamba iwake mpaka mwisho, sekunde 75 kila zamu, huku anamtumia "Well Played". Dogo akaweka simu chini, akatoka nje.

Sasa nyinyi mnaoingia Casual na deki za kupandia ligi, mnatafuta nini huko? Nyota hakuna. Ngazi ziko Ranked: Bronze, Silver, Gold, Platinum, Diamond, mpaka Legend. Ukimchinja mtoto wa Mtongwe kule Casual hupandi hata hatua moja.

"Si aboreshe deki yake." Haya, tupige hesabu. Pakiti moja ni dhahabu 100, ndani kadi tano, na nyingi ni takataka. Kutengeneza legendary moja unahitaji vumbi 1,600. Ukivunja legendary yako unapewa 400. Yaani unavunja nne upate moja! Kwa hivyo ukimwambia mtu aboreshe deki, unamwambia atoe pesa, ama akae miezi akichapwa. Halafu mnajiita wajuzi. Ujuzi gani? Deki yenyewe umeinakili mtandaoni, kadi kwa kadi.

Kuna wanaosema wanajaribu deki mpya. Hao sina neno nao, Casual ni pa majaribio. Lakini deki ambayo kila mtu anaicheza wiki hii, hiyo ishajaribiwa, wacha uongo.

Na wale wa kumaliza kazi za siku haraka haraka… hapa nashusha sauti kidogo, manake hata mimi nimefanya. Nilikuwa na Hunter wa kasi, mechi inaisha kwa dakika chache. Nikiwa Likoni nangoja feri nachapa watu wawili watatu kabla hatujaruhusiwa kuingia. Sikuwahi kujiuliza upande wa pili kuna nani. Nikikutana na deki ya ajabu ajabu nilicheka, basi.

Mtasema mfumo utampanga na wa kiwango chake. Utampanga, sawa, lakini baada ya vipigo vingapi? Dogo alitoka baada ya vitatu.

Angalieni watu wanavyocheza kadi maskani. Mgeni akiketi anaelekezwa: 2 na 3 unaokotesha, J inaruka, K inarudisha, na usisahau kusema "niko kadi". Akisahau mara ya kwanza watamcheka lakini watamsamehe. Siku pesa ikiwekwa mezani, hapo hakuna huruma, na ni haki, kila mtu ameketi akijua. Ranked ndio meza ya pesa. Mbona mnaibeba mpaka kwa mgeni?

Mimi simwombi mtu anipe ushindi wa bure. Nipige, lakini nipige na kitu ulichokifikiria wewe. Na ukishashinda, maliza! Kamba ya nini?

Binamu nimemrudisha kwa nguvu. Sasa tuko watatu, mimi, yeye na mshikaji mmoja wa Changamwe, tunaalikana wenyewe kwa wenyewe, deki za kadi za kawaida tu, legendary marufuku. Jumapili dogo alinipiga mbili bila, na ananikumbusha mpaka leo.

Kama uko Kisauni, Likoni, popote, na una deki mbovu unayoipenda, nitumie jina lako la mchezo inbox. Ukija na ile ya kunakili nakuzima sauti kabla hujamaliza kusalimu.