Babu Wamekuja: Kosa la Sarufi au Adabu?

Kuna hoja inayorudiwa katika mabaraza ya lugha hadi imezoeleka kama sala: kwamba watu wa kusini, na watu wa bara kwa jumla, tulijifunza Kiswahili bila kujifunza adabu yake. Ushahidi wake ni uleule kila siku. Mtu wa kwetu akiingia dukani husema "nipe sukari", ilhali muungwana wa pwani husema "naomba sukari". Hoja hiyo naipinga, na ninaipinga nikiwa Lisekese, ambako mtoto husikia Kimakua, Kiyao na Kimakonde kabla hajaujua mlango wa darasa.

Wenye hoja hii huihesabu adabu kwa maneno: naomba, tafadhali, samahani, shikamoo. Lakini karani anayemwambia mzee "naomba utoke nje" ameomba nini? Na bibi anayemwambia mjukuu "nipe mkono nisimame" amemvunjia nani heshima? Neno peke yake halibebi adabu wala ufidhuli. Wajapani wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Kwao kitenzi cha kula hubadilika kufuatana na anayetajwa: taberu ni kula kwa kawaida, meshiagaru humkweza mlaji, itadaku humshusha msemaji mwenyewe. Anayetaka kumdhalilisha mkubwa wake hahitaji tusi la nguoni. Hushuka ngazi moja ya kitenzi, na kila aliyepo husikia. Hata neno kisama, ambalo zamani lilikuwa la heshima, leo ukimwita mtu hivyo umemchokoza.

Sasa tutazame nyumbani. Katika lugha zetu tatu nilizozitaja, mkubwa hasemeshwi kwa umoja. Baba, mkwe, mgeni mwenye mvi, wote husemeshwa kwa kiambishi cha "ninyi", na wakitajwa hawapo, hutajwa kwa wingi. Heshima imo ndani ya kitenzi, haikuning'inizwa nje yake kama kidani. Ndiyo maana amri tupu haitutishi: kwa Kimakua naweza kumwambia mkwe wangu anipe maji, na kile kiambishi cha wingi kimekwisha kufanya kazi yote ambayo "naomba" na "tafadhali" hufanya Unguja. Msemaji huyo akihamia Kiswahili sanifu, anapokonywa wingi wake. Kinachobaki ni "nipe" iliyovuliwa nguo. Halafu anaambiwa hana adabu!

Na Kiswahili hakikutujia jana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka 1870, aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja. Kiswahili kikakaa hapa na Kiyao na Kimakua, kikala nao sahani moja. Miaka mingi baadaye, mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ukaichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Sina ugomvi na uteuzi huo. Ugomvi wangu ni na wale wanaodhani kwamba pamoja na msamiati wa Unguja, tuliletewa pia kipimo pekee cha uungwana.

Katika shule moja ya mkoa huu niliwahi kuona insha ya mtoto aliyeandika: "Babu wamekuja jana jioni." Wino mwekundu ulikuwa umeichana sentensi, na pembeni pameandikwa: "Babu ni mmoja." Mtoto yule alijua idadi ya babu zake.

Nitaambiwa kwamba ninataka kuvuruga upatanisho wa kisarufi. Upatanisho upi? Kifaru kwa umbo lake ni wa ki-, lakini hatusemi "kifaru kimekufa". Tunasema amekufa, kwa sababu ana uhai, na uhai umeshinda umbo. Tunasema "zee lile limekuja", nalo linasomwa darasani kwa utulivu kama mfano wa hali ya ukubwa, ingawa kila mwenye masikio anajua kuwa mzee huyo ametukanwa, na ametukanwa kwa kiambishi tu, bila neno chafu hata moja. Kwa hiyo sarufi yetu sanifu inaruhusu mtu ashushwe kwa upatanisho. Ngazi ya kushukia ipo, imesajiliwa, ina jina na mazoezi ya kujibu. Mtu akitaka kupanda kwa njia hiyohiyo, aseme "mzee wale wamekuja", ghafla tunakumbuka hesabu.

Wala wingi kwa mmoja si kitu kigeni katika Kiswahili kilichoandikwa. Wasomaji wa Kurani kwa Kiswahili wameizoea "Sisi" ya Mungu Mmoja, na sijasikia aliyelalamika kuwa wanachanganywa. Muktadha huwatosha. Utamtosha pia msomaji wa insha ya Babu.

Washairi mnaosoma hapa mna la kufanya kabla wanasarufi hawajaamka. Ninyi mnaolinda vina na mizani mmekwisha kuzoea kukunja kitenzi kwa ajili ya silabi moja. Kikunjeni sasa kwa ajili ya mzee mmoja. Tungeni tenzi ambamo mama huambiwa "mmelala salama?" akiwa peke yake kitandani. Wasahihishaji wa mitihani watenganishe kosa la idadi na wingi wa heshima, maana mwalimu anayemjua mtoto hashindwi kuviona viwili hivyo. Nalo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, liuandike wingi huu katika vitabu vya sarufi kama matumizi yaliyo hai Masasi na Newala, pasipo lebo ya lugha mbovu. Anayependa "naomba" aendelee kuomba. Dukani kwetu sukari itapimwa ileile.