Pugu ya 1955 na Swali Ambalo Mwalimu Bado Anaulizwa

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia kwenye mtaala mpya, na sisi vijana wa mageuzi hatuna ugomvi nalo. Mtu asiyejua alikotoka ni rahisi kumdanganya anakokwenda. Ugomvi wetu ni mmoja tu: hiyo historia inasimuliwa mpaka wapi, na inakatwa wapi? Leo naomba tuipime kwa shule moja ya serikali iliyoko pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam: Shule ya Sekondari Pugu.

Ukimtajia Pugu kijana wa rika langu, atakuambia mnada wa ng'ombe. Mwingine atakuambia dampo. Wa siku hizi atakuambia kituo cha treni ya SGR. Wachache watakuambia shule. Na hao wachache, wengi wao wanajua sentensi moja tu: "Nyerere alifundisha pale." Sentensi hiyo ni ya kweli, ila imekatwa katikati.

Vilima vya Pugu vina historia ndefu kuliko chama chochote nchini. Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani waliweka makazi yao pale mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, makazi hayo yakavamiwa. Miaka mingi baadaye, chini ya Mwingereza, Kanisa Katoliki lilikuwa na shule ya wavulana huko huko, Chuo cha Mtakatifu Fransisko. Kilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambako kijana Mwafrika wa Tanganyika angeweza kupata elimu ya juu ya sekondari. Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa awamu ya tatu, alisoma pale.

Tusiipake rangi shule hiyo. Ilikuwa ya wachache kati ya wachache. Mimi kama msichana nisingekanyaga darasa lake. Mtoto wa Kiislamu wa Kariakoo au Kilwa naye alikuwa na njia nyembamba sana, kwa sababu shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni na serikali ya kikoloni haikuona haja ya kujenga za kutosha.

Sasa tuje kwa mwalimu. Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada yake ya uzamili, akaenda kufundisha Pugu. Aprili 1953 akachaguliwa kuwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka TANU. Muda wote huo alikuwa mwalimu wa kuajiriwa: siku za wiki yuko darasani Pugu, nafasi ikipatikana yuko mjini kwenye vikao, zaidi ya kilomita 20 kutoka shuleni. Mjini hakuwa peke yake. Walikuwepo Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz na John Rupia, watu waliotoa muda wao na fedha zao mfukoni. Alikuwepo Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza akina mama TANU kwa maelfu wakati wasomi wengi bado wanaogopa kuonekana na kadi.

Machi 1955 Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza kuwa nchi hii ni ya Waafrika na siku moja itajitawala. Aliporudi, swali lilikuwa linamsubiri: mwalimu, unachagua kazi au siasa? Serikali ya kikoloni haikupenda siasa zake, na shule ilijikuta katikati. Mwezi huo huo akaandika barua ya kuacha kazi. Hakuwa na mshahara mwingine, na alikuwa na familia changa. Akarudi kwao Musoma kwa muda, halafu akarudi Dar kwenye mapambano.

Hapo ndipo somo la Pugu lilipo, na hapo ndipo linapokatwa. Watoto wetu wanafundishwa kwamba Mwalimu aliacha kazi kwa ajili ya taifa, wanapiga makofi, kengele inalia. Hawaulizwi swali linalofuata: ilikuwa haki kumlazimisha achague? Tukisema ilikuwa haki, basi tunamtetea mkoloni. Tukisema haikuwa haki, basi inabidi tutazame mwalimu wa leo.

Utaratibu wa utumishi wa umma unamruhusu mwalimu kuwa mwanachama wa chama cha siasa, ila unamkataza kufanya siasa kazini na kwenye saa za kazi. Mimi sina tatizo na hilo. Mzazi wa chama chochote ana haki ya kujua kwamba mwanawe akienda shule anafundishwa hesabu, hahubiriwi chama. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo ina macho upande mmoja. Mwalimu akivaa kijani baada ya saa za kazi, ni mzalendo. Akionekana kwenye mkutano wetu, jina lake linaanza kutajwa. Rais ni mwenyekiti wa chama tawala. Rais huyo huyo anateua mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri. Mwalimu aliyeko chini ya mkurugenzi huyo hahitaji kuandikiwa barua ya vitisho ndipo aelewe, jamani. Uhamisho wa kwenda shule ya mbali unatosha. Na walimu wengine wa shule hiyo hiyo wakiona, nao wanajifunza kunyamaza.

Na wanafunzi je? Kila aliyesoma shule ya serikali nchini anajua ile siku kipindi kinapofutwa, mnapangwa barabarani juani kupungia msafara mkono. Ile haiitwi siasa. Mwanafunzi wa kidato cha sita akiuliza mbona dawati halitoshi, hiyo ndiyo inaitwa siasa.

Historia nzima ina sehemu zinazouma hata kwa mashujaa wetu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa makato ya mshahara. Rais aliyewahi kuwekwa njia panda Pugu aliwarudisha makwao wanafunzi 393. Kweli, alipunguza na mshahara wake mwenyewe, na hilo tumpe. Lakini kijana anayesoma somo la maadili anastahili kuyaona yote mawili kwa pamoja: mwalimu aliyeadhibiwa kwa kusema, na mtawala aliyewaadhibu waliosema. Kumheshimu mtu siyo kumfichia. Na ni Nyerere huyo huyo aliyeunga mkono mfumo wa vyama vingi uliorudi mwaka 1992, wakati wengi walioulizwa na Tume ya Nyalali walitaka chama kimoja kiendelee.

Turudi kwenye majengo. Sheria ya Elimu ya 1969 iliipa serikali mamlaka ya kuzichukua shule za binafsi, zikiwemo za misheni, na Mtakatifu Fransisko ikawa Pugu Sekondari, shule ya umma. Wapo wenzetu wa upinzani wanaolaani kila kilichofanyika enzi zile. Mimi sipo huko. Kufungua milango ili mtoto aingie kwa ufaulu na siyo kwa dini yake lilikuwa jambo la haki. Shule za bweni za serikali zililaza kitanda kimoja cha juu na cha chini mtoto wa Bukoba na mtoto wa Mtwara, na hilo limetujengea taifa kuliko hotuba nyingi.

Lakini aliyechukua mali kwa jina la umma ana deni kwa umma. Deni hilo halikulipwa. Shule kongwe ziliachwa zichakae miaka na miaka, mpaka ikabidi uje mradi maalumu wa kuzikarabati, halafu tukaambiwa tushukuru. Shule za kata zikajengwa kwa michango ya wananchi, majengo yakatangulia, walimu wa sayansi na maabara wakafuata kwa kuchelewa. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 tuliyaona wote: watahiniwa takriban 6 kati ya 10 walipata sifuri, hadi serikali ikayafuta matokeo na kuyapanga upya.

Ukitaka kuipeleka serikali mahakamani kwa hilo, utakwama mlangoni. Hili nawaambia kama mwanafunzi wa sheria. Ibara ya 11 ya Katiba inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha. Imeandikwa vizuri, inapendeza. Lakini rudi nyuma kidogo, soma ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Maana yake mtoto wako ana haki ambayo hakimu hawezi kumpa. Ni ahadi ya mdomo iliyoandikwa kwa wino.

Ndiyo maana tunapodai Katiba Mpya hatudai karatasi wala vyeo. Tunadai mambo matatu yanayomgusa mtoto wa Pugu, Gongo la Mboto na kwingineko. Kwanza, haki ya elimu iingie kwenye haki za msingi ambazo mahakama inaweza kuzisimamia. Pili, shule ya umma iwe marufuku kwa siasa za chama chochote, nasema chochote, kikiwemo chetu siku tukishika dola. Kama leo tunakasirika wanafunzi kupangwa juani kwa ajili yao, kesho tusiwapange kwa ajili yetu. Tatu, mwalimu akitoka kazini awe raia kamili, mwenye haki zake za ibara ya 18 na ya 20 za kutoa maoni na kujumuika na wenzake, na uhamisho wa kumkomoa uweze kuhojiwa mbele ya chombo kisichomwogopa mkurugenzi.

Na sisi vijana tuna kazi isiyongoja Katiba. Kila tawi lina shule karibu yake. Nendeni mkawaulize wazee: nani alijenga, ardhi ilitoka kwa nani, nani alichangia mabati, mwalimu gani alihamishwa na kwa nini. Andikeni. Mwaka 1955 mwalimu mmoja wa Pugu aliulizwa achague, na jibu lake likabadilisha nchi. Wapo walimu wanaoulizwa swali hilo leo, bila New York wala magazeti, kwenye ofisi za halmashauri. Kazi yetu ni kuhakikisha hawalijibu peke yao.